Kiko Kilichopiga Mluzi

Kiko cha kwanza nilichokionea fahari nilimpelekea mzee mmoja aliyekuwa akivuta kiko tangu ujana wake. Nilikuwa nimekisugua mpaka taa ya dari ikawa inaonekana ubavuni mwake. Mzee akakipokea, akakizungusha, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo, akasema, "Kizuri, mwanangu." Nikavimba kichwa. Kisha akakitia mdomoni hivyo hivyo kikiwa kitupu, bila tumbaku wala moto, akavuta pumzi. Kikapiga mluzi.

Haukuwa mluzi wa nguvu. Ni kile kisauti chembamba cha birika linapokaribia kuchemka. Akavuta tena, kikalia tena. Akatoa mfukoni waya wa kusafishia, ule mwembamba uliovishwa manyoya ya pamba, akaupenyeza kupitia kidomo. Ukateleza vizuri mpaka katikati, ukagoma. Akausukuma, ukajikunja. "Humu ndani kuna ukuta," akasema. "Uondoe, halafu uniletee tena."

Niliporudi nikakibana kwenye jiliwa, nikachukua msumeno wa meno madogo, nikakipasua kwa urefu kuanzia juu hadi ncha ya kidomo. Kazi ya wiki tatu ikawa nusu mbili juu ya meza. Nikiulizwa nilianza lini kujifunza kuchonga viko, naitaja siku hiyo, siitaji ile niliyoshika tupa mara ya kwanza.

Majina kwanza, tusije tukapotezana. Bori ni ule mwili wa juu wenye shimo la tumbaku. Digali ni shingo inayotoka kwenye bori. (Waliozoea maneno haya kwa kiko cha maji watanisamehe, nimeyaazima kwa kuwa sijapata mengine ya kuyashinda.) Kidomo ni kile kipande, mara nyingi cheusi, kinachoshikwa kwa meno. Upande wake mmoja una ulimi wa mviringo unaoingia kwenye tundu la digali, na katikati ya vyote hivyo inapita njia moja nyembamba ya moshi, yenye upana wa milimita 3.5 hadi 4.

Katika kile kiko nilichokipasua, kosa moja nililiona bila hata kupima: njia ya moshi ilikuwa imetokeza kwenye ubavu wa shimo la tumbaku, kama milimita 6 juu ya sakafu yake. Tumbaku iliyolala chini ya hapo isingeungua hata siku moja. Ingekaa pale ikilowa. Nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, nikapima maungio. Tundu la digali lilikuwa na kina cha milimita 20, ulimi wa kidomo ulikuwa na urefu wa milimita 14. Kati yao kilibaki chumba cha milimita 6 kisicho na kazi yoyote duniani. Moshi wa tumbaku umebeba mvuke mwingi wa maji. Ukifika mahali kama hapo, njia inapanuka ghafla, moshi unazungukazunguka, unapoa, maji yanatona, na baada ya dakika chache kiko kinaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Isitoshe, tundu la ulimi na njia ya digali hayakukutana uso kwa uso. Moja lilipita juu ya jingine kwa karibu nusu ya upana wake. Huo ndio uliokuwa ukuta wa mzee, na hewa iliyojibana kupita hapo ndiyo iliyopiga mluzi.

Upande wa nje nilikuwa nimetumia misasa ya namba sita tofauti. Ndani sikuwa nimechungulia hata mara moja.

Wanaokuja kunitazama nikifanya kazi huuliza kwanza habari za mti. Nami nilianza hivyo, nikidhani siri yote iko kwenye mti. Mti una haki yake, sikatai. Unaopendwa kuliko yote ni braya, ambao wataalamu wa mimea huuita Erica arborea: kichaka cha nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, ambacho humea pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Kinachotafutwa kwenye kichaka hicho ni nundu inayojijenga kati ya shina na mizizi, pale pale udongoni. Nundu ya kufaa huwa imekaa ardhini miaka 30, au 60, au zaidi. Ikishang'olewa haiachwi ikauke ovyo, maana itapasuka. Hutunzwa mahali penye unyevu, ikakatwa vipande, ikachemshwa kwa saa nyingi ili utomvu na uchungu utoke, kisha ikakaushwa polepole kwa miezi, pengine miaka. Mji wa Saint-Claude, kwenye milima ya Jura huko Ufaransa, ulianza kuchonga viko vya braya katika miaka ya 1850. Kabla ya hapo wavutaji wengi wa Ulaya walitumia viko vya udongo, vinavyopata joto mpaka vidole vinakataa. Braya inavumilia moto, inafyonza unyevu, na pamoja na ugumu wake haina uzito wa kuchosha meno.

Hayo yote niliyajua baadaye. Kiko changu cha pili nilikichonga kwa mpingo, kwa kuwa nilikuwa na kipande na weusi wake ulinipumbaza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta, na unyevu haupenyi kwa urahisi. Ndiyo maana watengenezaji wa klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza, wanaupigania. Tabia hizo hizo ndizo zinazouharibu kwenye kiko. Changu kilipasuka mkononi mwa mvutaji, tak, mstari mmoja kutoka ukingoni hadi chini. Na vumbi lake lilinitia adabu kabla hata sijamaliza kukichonga: niliamka macho yamevimba na mikono inawasha hadi kwenye viwiko. Siku hizi mpingo nautumia kwa pete tu, ile ya mapambo kati ya digali na kidomo, na sishiki kipande chochote cha mti bila barakoa yenye vichujio. Mti wenye ulimbo mwingi kama msonobari, au ambao sina hakika kama una sumu, hauingii kwenye karakana. Kuna mtu atakayevuta moshi uliopita juu yake.

Braya nayo ina hila zake. Nundu imekua kwenye udongo, kwa hiyo inameza vijiwe na kujikunja kuvizunguka, na vitundu hivyo huvioni kwa nje. Niliwahi kupata kipande ambacho nyuzi zake zilisimama wima zimepangana kama nywele zilizochanwa, na kwa juu zikaonekana kama vijicho vya ndege. Nilikuwa nimefika msasa wa namba 600 kilipotokea kidoa cheusi, kidogo kama kichwa cha pini. Nikakigusa kwa sindano ikazama milimita 3. Nikachanganya vumbi la braya na gundi, nikaziba, nikasugua, nikafurahi. Nilipopaka rangi, mti wote ukainywa, kile kiraka kikaikataa. Kikakaa pale kimepauka, kikinitazama. Hatimaye nikachukua patasi ndogo nikakwaruza uso mzima wa bori, ukawa na mabonde na vilima kama gome la mti, na kidoa kikapotea humo. Mvutaji aliyekichukua alisema anapenda kilivyokaa mkononi, hakitelezi. Kuziba tundu siyo dhambi, lakini kuziba na kunyamaza naona ni kumdanganya mtu, na rangi itakuja kukusema siku moja.

Basi turudi kwenye kutoboa, maana hapo ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko pote.

Baada ya kile kiko kilichopasuliwa niliacha kushika tupa kwanza. Sasa naanza na penseli. Nanyoosha pande mbili za kipande mpaka zikae sawa na kona ya rula, halafu ubavuni nachora kiko kilivyo kwa ndani: shimo la tumbaku, upana milimita 20, kina milimita 40 hivi, sakafu yake ya duara kama chini ya yai, kisha mstari wa njia ya moshi unaoshuka kutoka digali. Pale mstari unapogusa katikati ya sakafu naweka nukta. Nukta hiyo ndiyo kiko chenyewe. Nje ya mchoro huo nabakiza ukuta, na siutaki upungue milimita 6 mahali popote, kwa sababu ukuta mwembamba unapata joto na mwishowe unaungua.

Naanza na tundu la digali linalopokea ulimi, milimita 8, kisha katikati ya tundu hilo hilo, bila kukifungua kipande kutoka kwenye kerezo (mashine inayokizungusha), napitisha biti ya kutobolea ya milimita 4 kwa njia ya moshi. Hilo la kutokifungua lilinichukua viko vitano kulielewa. Kila unapofungua kipande na kukifunga upya, kitovu kinahama kidogo, na ule ukuta wa mzee unarudi. Biti ndefu nayo ina ukaidi: ikikutana na uzi mgumu inapinda kuufuata, na wewe uliye nje unaona imenyooka tu. Kwa hiyo naingiza kidogo, milimita 5 hivi, natoa, nakung'uta unga, naingiza tena. Ukisikia harufu ya kuungua umeshachelewa.

Shimo la tumbaku huja mwisho. Biti yake nimeinoa mwenyewe kutoka kwenye biti bapa, nikaipa mzingo ninaoutaka. Nashuka mpaka karibu na alama, kisha nasimamisha mashine nachungulia kwa tochi. Nasogeza robo milimita. Nachungulia. Kinachotafutwa ni kitundu cheusi kifunguke katikati ya sakafu, nusu mwezi kwanza, kisha mwezi kamili. Ukipita hapo hata kwa milimita 2, sakafu inakuwa chini kuliko njia na umerudi kwenye tumbaku iliyolowa. Sijui kazi nyingine ambayo nimeshikilia pumzi mara nyingi kama hii.

Wapo mafundi wanaochonga umbo kwanza na kutoboa baadaye, ili wawe huru kufuata nyuzi za mti zinavyotaka. Viko vya aina hiyo vilivyotoka Denmark katika karne ya 20, hasa baada ya Sixten Ivarsson, Mswidi aliyefanyia kazi Copenhagen, vinanifanya nijione mtoto. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza biti ilitokea ubavuni mwa digali, mara ya pili ilitokea chini ya bori. Sijajaribu ya tatu.

Kidomo ndicho kinachokula saa, na ndicho anachoanza kukihukumu mvutaji kwa sababu kinakaa mdomoni. Wengi wanadhani kinanunuliwa. Vipo vya kununua, nami nilivitumia, nikaviacha kwa sababu njia yake ilikuwa nyembamba kupita kiasi karibu na meno. Nachonga kwa eboniti, yaani mpira uliochanganywa na salfa nyingi ukapashwa moto mpaka ukawa mgumu kama pembe. Ukiipiga tupa, salfa hiyo inakurudia puani, karakana nzima inanuka kama kiberiti. Pale meno yanaposhika nataka unene wa milimita 4 tu, na ndani ya unene huo lazima hewa ipite. Njia ya duara haitoshi hapo, kwa hiyo naifungua iwe bapa, ikipanuka kuelekea nje kama mkia wa samaki, kwa vitupa vyembamba kama sindano. Nasukuma, navuta, napuliza, naangalia kwenye mwanga. Saa mbili zinapita na kwa nje hakuna kilichobadilika. Rafiki yangu mmoja alikaa akinitazama, akauliza, "Kwani unasafisha au unachonga?"

Kukunja kidomo ni kwa joto. Eboniti ikipata joto la kutosha inalegea, unaikunja, unaitia kwenye maji ya baridi inabaki hivyo. Kabla ya kupasha, waya wa kusafishia uwe umeshapita ndani. Nilisahau mara moja. Kidomo kikakunjika vizuri ajabu, mzingo safi kama shingo ya bata, na njia ya ndani ikalala bapa ikafunga kabisa. Nikakipasha tena ili kinyooke (eboniti ina kumbukumbu, hurudi ilikotoka), kikarudi, lakini njia haikufunguka sawasawa.

Kuhusu urefu wa ulimi: naupima na kina cha tundu kwa kalipa ile ile, kisha naukata hadi ibaki nusu milimita ya kupumua. Ukiukata sawasawa kabisa, ulimi unagonga chini kabla kidomo hakijakaa kwenye digali, na mwanga unapita kwenye maungio. Anayekichukua namwambia asichomoe kidomo kiko kikiwa na moto. Digali likiwa na joto na unyevu linaubana ulimi, na ukilazimisha linapasuka. Watu hawasikii. Nimeshatengeneza madigali matatu ya watu wasiosikia.

Umaliziaji nitaupita haraka, ingawa ndio watu wanaoupenda. Niliwahi kupaka vanishi, ikang'aa kama kioo, na joto la bori likaitoa malengelenge. Mti unaopata moto unataka kupumua. Sasa ni msasa kwa msasa, kuanzia 220 hadi 800, na kila baada ya msasa nafuta kwa kitambaa chenye unyevu ili vinyuzi vilivyolala viinuke vikatwe na msasa unaofuata. Rangi iliyoyeyushwa kwa spiriti. Kisha nta ya karnauba kwenye gurudumu la kitambaa. Gurudumu hilo nalo liogope. Lilinipokonya kiko mara moja, kiko kilichokuwa kimeisha, kikavuka chumba, kikagonga mlango, digali likakatika mahali pembamba. Nilikaa chini. Tangu siku hiyo nimetandika blanketi kuukuu nyuma ya mashine, na kiko nakisogeza kwenye nusu ya chini tu ya gurudumu, huku ukingo ukitazama kule gurudumu linakokwenda.

Mimi mwenyewe sivuti. Wengine wanaona ni kichekesho, fundi wa viko asiyevuta, na sina la kujitetea. Madhara ya tumbaku yanajulikana nami siyapambi. Lakini kutovuta kulinichelewesha, hilo nakiri, kwa sababu kwa miaka ya mwanzo nilikuwa mtu anayeshona viatu bila kuvivaa. Nikaweka desturi ya kuvuta kila kiko kikiwa kitupu, kama alivyofanya mzee. Navuta taratibu, kisha kwa nguvu, kisha nazungusha kidomo robo duara na kuvuta tena, nikisikiliza kama sauti inabadilika. Kikilia, nakifungua. Na kila kiko cha kumi, kiwe kizuri namna gani, nakipasua kwa urefu kama kile cha kwanza. Nusu zake nimezipanga ukutani kwa mfuatano. Ukizitazama kutoka kushoto kwenda kulia, kwa nje huwezi kusema kipi kilitangulia. Kwa ndani ule mstari unanyooka kidogo kidogo.

Mzee nilimrudia baada ya muda mrefu, na kiko kisichokuwa na lolote la kujivunia: umbo la kawaida, digali lililonyooka, rangi ya kahawia. Akakivuta kikiwa kitupu. Nikasubiri. Hakukuwa na kitu, pumzi yake tu. Hakunitazama. Akatia tumbaku, akaishindilia kwa kidole, akawasha, akaanza kunisimulia habari ya saa yake ya ukutani, namna ilivyokuwa ikikimbia dakika 5 kwa siku na fundi aliyeifungua akabakiza skrubu mbili mezani asijue zilikotoka. Akaeleza umbo la skrubu. Akaeleza alivyobishana na fundi. Moshi ukawa unatoka polepole pembeni ya mdomo wake, nami nikawa nasikiliza chini ya maneno, nikiusubiri ule mkoromo, dakika 10, dakika 20, hata nikapoteza hadithi yenyewe. Mwishowe akakung'uta jivu kwenye kiganja. Jivu lilikuwa la kijivu, kavu, mpaka la chini kabisa.

Akatoa waya mfukoni, akaupenyeza kupitia kidomo. Ukatokeza ndani ya bori, akauchomoa, akaukunja akauweka kando.

"Sasa zile skrubu mbili," akasema, "unajua nilizikuta wapi?"